Siku redio koli ilipokufa saa 8 mchana

(Maongezi kuhusu madoa ya jua niliyotoa Jumamosi moja kwenye ukumbi mmoja hapa Kirumba, Mwanza. Waliokaa nyuma wanasema spika ilikuwa inakoroma tu hawakusikia kitu, ndo wameniomba niyaandike. Nimeyaacha kama nilivyoongea, na maswali ya watu nimeyaweka mle mle.)

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu habari za mchana. Vijana mambo vipi. Asanteni kwa kuja, nilidhani mpira wa leo utanikimbizia watu wote.

Niseme mapema mimi sio mwanasayansi. Mimi ni fundi redio, na sio hizi za kusikilizia taarabu tu, nimetengeneza redio koli miaka mingi, zile za masafa mafupi zilizokuwa zinafungwa kwenye zahanati za mbali na kwenye maboti kabla minara ya simu haijafika kila kona. Na kilichonifanya nianze kusoma habari za jua ni aibu, ngoja niwape hiyo aibu kwanza.

Ilikuwa tarehe 28 Oktoba 2003, Jumanne. Nimemfungia mteja redio koli, betri mpya, waya wa antena nimeuvuta mwenyewe toka kwenye mwembe mpaka kwenye mlingoti, asubuhi tumeongea na Mwanza safi kabisa mteja anacheka mpaka jino la mwisho. Ilipofika saa 8 mchana na dakika chache, kimya. Na nikisema kimya mafundi wenzangu mnanielewa, masafa mafupi huwa hayanyamazi, hata kama hakuna mtu anaongea kuna ile shhhh kama mtu anakaanga dagaa chumba cha pili. Sasa ile shhhh yenyewe ilififia ikaisha. Nikapima betri, volti 12.6, nzima. Fyuzi nzima. Nikapanda mwembe na bisibisi mdomoni kukagua antena, nzima. Mteja chini kasimama mikono kiunoni, "fundi umeniuzia mzoga". Nikaifungua redio yote, skrubu nimezitia kwenye kofia, sioni kibovu. Baada ya muda nikachoka nikairudishia kama ilivyokuwa, nikawasha, inaongea! Mteja akafurahi akanilipa hela ya matengenezo. Na mimi nikachukua, Mungu anisamehe, sikuwa nimetengeneza kitu chochote.

Miezi imepita niko intaneti kafe natafuta mambo mengine kabisa, ndo nakutana na ile tarehe. Kumbe siku ile saa 8 na dakika kama 10 kwa saa zetu jua lilitoa mlipuko mmoja wa ajabu, wenyewe waliupa daraja la X17. Hayo madaraja yanaenda A, B, C, M halafu X, na kila herufi ni mara kumi ya iliyotangulia, kwahiyo X peke yake ni balaa tosha, sasa ule ulikuwa X mara 17. Ulitokea kwenye kundi kubwa la madoa lililokuwa limetutazama uso kwa uso. Na huku kwetu muda ule ni mchana kweupe jua liko juu, na mlipuko wa hivo unawapiga walio upande wa mchana, hasa wale ambao jua liko utosini kwao. Yaani sisi. Mimi nahangaika na skrubu, mwenye kosa yuko kilomita milioni 150 juu ya kichwa changu.

Sasa hayo madoa ni nini.

Mama zangu mnaopikia mkaa mtanisaidia hapa. Jiko limekolea, makaa yote mekundu yanawaka, katikati kuna kaa moja linaonekana jeusi. Jeusi kweli? Lichukue kwa koleo ulipeleke kwenye giza, utaona lenyewe jekundu linawaka vilevile, lilionekana jeusi kwa sababu wenzake wamelizidi. Doa la jua ndo hivohivo. Uso wa jua una joto kama nyuzi 5,500, kwenye doa linashuka mpaka kama 3,500 au 4,000. Chuma kinayeyuka kwenye 1,538, kwahiyo hiyo "baridi" ya doa inayeyusha chuma mara mbili na zaidi. Ungeweza kulikata doa moja kubwa ukalitundika peke yake angani usiku lingeng'aa kuushinda mwezi mpevu.

Kwahiyo ni sehemu iliyopoa. Swali linakuja, inapoaje katikati ya moto? Nani anaipuliza?

Jibu liko humu (hapa nilinyanyua spika mbovu niliyokuja nayo). Hii ni spika ya inchi nane, koni imechanika, lakini nyuma hapa bado kuna sumaku. Na hapa nina unga wa chuma nimeuokota chini ya grainda kwa jirani yangu anayechomelea mageti. Naweka karatasi juu ya sumaku, namwaga unga, nagonga karatasi kidogo kwa kidole… njooni mbele watoto msiogope. Mnaona unga unavyojipanga mistari? Inatoka hapa inajikunja kama upinde inarudi kule. Ile mistari kama upinde ishikeni kichwani, maana jua lote ni mchezo huo.

Jua sio jiwe la moto, ni gesi, na kwa joto lile gesi inakuwa na umeme ndani yake, wanaiita plazma. Katikati kabisa joto ni nyuzi milioni 15, huko haidrojeni inabanwa inakuwa heliamu na ndo moto unapotoka. Ule moto ukikaribia juu, kwenye kilomita kama 200,000 za mwisho, unasafiri kwa kuchemka, kama sufuria la uji. Uji ukichemka mnaona yale mapovu yanapanda katikati yanashuka pembeni? Uso wa jua wote umejaa mapovu hayo, moja lina upana kama kilomita 1,000, yaani toka hapa Mwanza ukapita Dar ukaingia baharini, na linaishi dakika kumi au ishirini hivi linapotea linakuja jingine.

Haya, plazma ikitembea inatengeneza sumaku, na sumaku nayo inaishika plazma, haviachani hivo viwili. Sasa kwa vile jua sio gumu halizunguki lote kwa spidi moja kama dunia yetu, pale kwenye ikweta yake linamaliza mzunguko kwa siku 25 hivi, huko karibu na ncha siku kama 35. Katikati kunakimbia pembeni kunachelewa, miezi na miaka. Ile mistari ya sumaku iliyokuwa imenyooka toka ncha hii mpaka ncha ile inaburuzwa, inazungushwa kulizunguka jua, inasokoteka. Nani hapa amewahi kusokota kamba ya katani? Ukizidisha kusokota inafanyaje? Inajikunja yenyewe inatoa kitanzi pembeni. Basi na kule kamba ya sumaku ikisokoteka sana inatoa kitanzi, kitanzi kinapanda, kinatoboa uso wa jua kinatokeza nje. Pale kinapotokea ni doa, pale kinaporudi ndani ni doa la pili. Ndo maana madoa yanapenda kukaa mawili mawili kama mitumbwi inayovuta wavu mmoja, moja ni kaskazini ya sumaku, lingine kusini.

Na pale kamba ilipotoboa sumaku ni kali mara elfu kadhaa kuliko hii ya dunia inayogeuza dira, inaikamata plazma inaizuia isichemke. Uji umezuiwa kuchemka sehemu moja, joto la chini halipandi, juu panapoa, panaonekana peusi. Hakuna anayepuliza, moto umezibwa njia tu.

Aliyelithibitisha hilo la sumaku ni Mmarekani George Ellery Hale mwaka 1908, kule Mount Wilson, California. Kabla yake watu walikuwa wanabishana tu. Wachina wameandika habari za madoa tangu kabla ya Yesu kuzaliwa, waliyaona kwa macho jua likiwa limefunikwa na ukungu. Ulaya darubini ilipoanza kutumika kwenye 1610 hivi, kuna padri Mjesuiti, Scheiner, akasema hizo ni sayari ndogo zinapita mbele ya jua, kwa sababu jua likiwa na doa lingekuwa na kasoro na kitu cha mbinguni hakiwezi kuwa na kasoro. Galileo akambishia kwa hoja ambayo mimi naipenda sana kwa urahisi wake, akasema tazama doa likifika pembeni, linakuwa jembamba. Chora alama kwenye chungwa uligeuze taratibu, alama ikikaribia ukingo si inabanana? Kwahiyo liko juu ya uso wenyewe, halijapita mbele. Hoja imeisha kwa chungwa.

Sasa habari ya madoa kuongezeka na kupungua kila miaka 11 hivi. Hii aliigundua mtu wa duka la dawa. Anaitwa Heinrich Schwabe, alikuwa mji wa Dessau, Ujerumani. Yeye alikuwa anatafuta sayari mpya iliyodhaniwa kujificha karibu na jua kuliko Zebaki, akasema ikipita mbele ya jua nitaiona kama kidoti cheusi, lakini ili nisiichanganye na madoa lazima niyajue madoa yote. Basi toka 1826 kila siku isiyo na mawingu anatazama na kuandika. Kila siku! Miaka 17. Sayari hakuiona, haipo, ila 1843 akatangaza kwamba madoa yanaongezeka na kupungua kwa mpangilio, yeye alisema kama miaka 10 hivi. Mwenyewe alijifananisha na Sauli, yule wa kwenye Biblia aliyetoka kutafuta punda wa baba yake akarudi na ufalme.

Baada yake akaja Mswisi Rudolf Wolf akapanga namna ya kuhesabu, na hii muishike maana tutaitumia baadae tukitoka nje. Unahesabu makundi, unazidisha kwa kumi, unajumlisha na doa moja moja. Makundi matatu yenye madoa saba, hiyo ni 37. Halafu kuna namba ya mtu mwenyewe. Wolf alijua macho hayalingani, darubini hazilingani, kwahiyo kila mhesabuji alipewa namba yake ya kurekebishia, wewe unaona mengi, wewe unaona machache, tunawasawazisha. Nimefanya kazi na mafundi wengi sijawahi kuona mfumo uliomtendea haki mwenye macho mabovu namna hii.

Kwa hesabu hizo wamerudi nyuma mpaka 1755 wakauita mzunguko wa kwanza. Sasa hivi tuko wa 25, ulianza Desemba 2019, kilele chake kilikuwa Oktoba 2024, kwahiyo tunashuka, ila kushuka kwenyewe kuna vishindo, ile Oktoba 2003 yangu mimi nayo ilikuwa miaka miwili baada ya kilele. Mzunguko ukianza madoa yanatokea mbali na ikweta ya jua, kama digrii 30 hivi juu na chini, kadri miaka inavyokwenda yanatokea karibu zaidi na ikweta, mwisho yanaisha, halafu mengine yanaanza tena kule juu. Na mzunguko unaofuata sumaku imegeuka, iliyokuwa kaskazini inakuwa kusini, kwahiyo kurudi pale pale hasa ni miaka 22. Na sio saa ya ukutani hiyo, kuna mizunguko mifupi, mirefu, mikali, mipole, na kuna kipindi toka 1645 mpaka 1715 madoa karibu yalipotea kabisa, miaka 70, mtu anazaliwa anazeeka hajaliona doa.

Hapo mzee mmoja akaniuliza, sasa hayo madoa yana shida gani kwetu, si yakae huko huko?

Mzee wangu, doa lenyewe halina shida. Shida ni zile kamba. Zikikaa zimesokotwa zimebanana, ikitokea mbili zikagusana vibaya zinakatika na kujiunga upya kwa mpigo, nguvu yote iliyokuwa imebanwa inaachiwa. Vinatoka vitu viwili tofauti na watu wengi wanavichanganya. Cha kwanza ni mwanga, eksirei na wenzake, unakuja kwa spidi ya mwanga, dakika 8 na sekunde 20 umefika, hauna hodi. Huo ndo uliniulia redio. Masafa mafupi yanasafiri kwa kudunda kule juu angani kwenye tabaka lenye umeme, eksirei zikija zinajaza umeme tabaka la chini yake, mawimbi yakipita yanamezwa. Hata ile shhhh inamezwa, kwa sababu nayo inatoka mbali. Cha pili ni wingu la plazma, tani mabilioni, linarushwa na sumaku yake ndani. Hilo linatembea siku moja mpaka tatu, na linaweza kutukosa kabisa. Likitupata linaitikisa sumaku ya dunia, na mafundi umeme mnajua sumaku ikitikisika karibu na waya kinatokea nini kwenye waya.

Mtu wa kwanza kuuona mlipuko wa jua na kuuandika ni Richard Carrington, Mwingereza, baba yake alikuwa na kiwanda cha bia. Tarehe 1 Septemba 1859, saa 5 na dakika 18 asubuhi kwa saa za kwao, anachora madoa kwenye kundi moja kubwa, ghafla anaona taa mbili nyeupe zinawaka juu ya madoa. Kwanza akadhani darubini yake imetoboka mwanga unaingia. Akakimbia kutafuta shahidi, hajamaliza dakika amerudi, taa zimeshaanza kufifia. Mnaona lakini, hata yeye alianza kwa kuilaumu mashine, kama mimi na mwembe wangu. Saa 17 na nusu baadae dhoruba ikafika, mianga ya rangi ile inayoonekana kwenye ncha za dunia ikaonekana mpaka Cuba, nyaya za telegrafu zikawa na umeme wake zenyewe, Boston na Portland makarani walichomoa betri wakaendelea kutumiana ujumbe kwa umeme wa jua peke yake. Siku hizi ni nyaya za gridi. Tarehe 13 Machi 1989 jimbo la Quebec, Canada, gridi ilianguka ndani ya kama dakika moja na nusu, watu milioni 6 wakakaa masaa tisa bila umeme. Ila umeme ukikatika kwako Jumatatu jioni usinitafute, hilo sio jua, hayo ni mambo ya nchi zilizo karibu na ncha, sisi wa ikweta kwenye umeme tuna unafuu.

Sisi wa ikweta tuna yetu. Hapa kwetu lile tabaka la juu likishachomwa na jua mchana kutwa, jua likizama linavurugika, linatoa mapovu kama pombe ya kienyeji, hasa miezi ya Machi, Aprili, Septemba na Oktoba kwenye miaka ya madoa mengi. Mawimbi ya satelaiti yakipita mle yanatetemeka. Kwa bodaboda hakuna shida, ramani ikikosea mita kadhaa unamuuliza muuza genge. Kwa mtu anayepima mipaka ya viwanja kwa sentimita ni shida, bahati nzuri wapimaji wetu ikifika saa 12 jioni wameshapanda daladala. Kule Marekani Mei 2024 wakulima matrekta yao yanayojiendesha kwa satelaiti yalipotea njia katikati ya msimu wa kupanda.

Na satelaiti zenyewe zinaanguka. Jua likichangamka hewa ya juu kabisa inapata joto inaumuka kama unga wa mandazi, satelaiti iliyokuwa inapita pakavu inajikuta inakata hewa. Februari 2022 kampuni ya SpaceX ilirusha satelaiti 49 za Starlink, ikaja dhoruba ya kawaida tu, sio kubwa, 38 zikaanguka. Sasa jambo ambalo watu hawalijui, hiyo hewa ya juu ni kati ya vitu vilivyopimwa kutokea hapa jirani. Tarehe 26 Aprili 1967 Waitaliano walirusha satelaiti yao San Marco ya pili kutoka kwenye jukwaa baharini karibu na Malindi, Kenya, kazi yake ilikuwa kupima uzito wa hewa kule juu. Malindi! Watu wanaenda kuogelea tu wanarudi.

Haya nije kwenye Mei 2024, maana najua ndo wengine mmeifuata hapa. Ule mwezi ulinitesa. Ijumaa usiku tarehe 10 ilifika dhoruba ya sumaku ambayo ukubwa wake haujaonekana tangu 2003, ilitoka kwenye kundi la madoa lenye upana kama dunia 15 zikipangwa mstari, mpaka Mexico watu waliona rangi angani. Jumapili tarehe 12 intaneti ikafa, Tanzania, Kenya, kila mahali kunasuasua, bando unalo na huna pa kulipeleka. Na mwezi huohuo ziwa letu hili la Victoria limejaa limeingia kwenye nyumba za watu kandokando. Basi simu yangu ikawa haipumziki, "fundi wewe si ulisema jua?" Na zile meseji za mafowadi nazo, eti usiku wa leo kuanzia saa 6 na nusu mpaka saa 9 na nusu zimeni simu kuna mionzi inapita karibu na dunia. Ile meseji ni ya zamani sana jamani, inazunguka dunia miaka na miaka, wanabadilisha tarehe tu.

Dhoruba ilikuwa kweli. Intaneti sio. Mikongo ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika chini ya bahari upande wa Afrika Kusini, imekatika kama kamba inavyokatika, na ule waya unapitisha mwanga kwenye kioo, sumaku sio iliyoukata. Vimefuatana siku mbili basi.

Ziwa sasa. Hapa ndo pana utamu, na hapa sitawaambia mambo kwa mkato maana hata wasomi waliteleza. Kina cha ziwa kimekuwa kikipimwa tangu 1896. Mwaka 1923 mtaalamu wa hali ya hewa Mwingereza, Brooks, alichukua vipimo vile akaviweka sambamba na hesabu ya madoa ya jua. Vikafanana. Yaani vilifanana vizuri mno, madoa yakipanda ziwa linapanda, madoa yakishuka ziwa linashuka, mara mbili mfululizo na zaidi. Fikiria ungekuwa wewe, ungekataa? Watu wakaanza kuona kwamba tutakuwa tunatabiri ziwa kwa kutazama jua. Miaka haikupita mingi ziwa likamgeuka. Mistari ikaachana. Halafu kuanzia 1961 ikanyesha mvua ambayo wazee humu mnaikumbuka, ziwa likapanda zaidi ya mita mbili, kilele kikawa 1964. Jua 1964 lilikuwaje? Limelala, chini kabisa ya mzunguko. Mei 2020 pale kipimo cha Jinja kikasoma mita 13.42, kikaipita kidogo tu ile ya 1964. Na jua 2020? Limelala tena, ndo limetoka kuanza mzunguko miezi michache nyuma. Halafu 2024 jua liko kileleni na ziwa limejaa pia! Kwahiyo ukitaka kudanganya watu unachagua mwaka unaokufaa.

Ziwa hili maji yake mengi ni mvua inayolinyeshea lenyewe juu, mito inachangia kidogo. Na mvua zile kubwa zinaletwa na Bahari ya Hindi ikipata joto upande wetu. Ila mlango sijaufunga, mwaka 2007 wanasayansi wengine waliliangalia upya wakaona katika karne iliyopita mvua kubwa za huku zilipenda kutokea mwaka mmoja hivi kabla ya kilele cha madoa, kwahiyo inawezekana jua lina mkono wake mdogo mle. Mdogo. Mwanga wote wa jua kati ya kilele na chini unabadilika kama sehemu moja tu katika elfu, na cha kushangaza likiwa na madoa mengi linang'aa zaidi kidogo, kwa sababu pembeni ya madoa kuna sehemu nyeupe zinazolipa deni na chenji inabaki.

Mama mmoja muuza samaki akauliza, kwahiyo joto hili la siku hizi sio jua limeongezeka? Hapana mama. Jua limepimwa kwa satelaiti tangu mwishoni mwa miaka ya 70, halijaongezeka, na joto la dunia limepanda muda wote huo. Akasema "basi ni nyie wenye magari". Watu walicheka, mimi gari sina ila nilinyamaza.

Tukatoka nje, saa 10 jioni hivi, jua liko upande wa ziwa bado kali. Nikarudia onyo mara tatu na hapa naandika ya nne, usiweke jicho kwenye darubini ukaelekeza kwenye jua, hata nusu sekunde, jicho linaungua na haliumi kukwambia. Ile Septemba 2016 jua lilipopatwa kule Rujewa niliona watu na mabeseni ya maji na filamu za eksirei, hivo navyo sio salama, kama lazima utazame tafuta kioo cha kuchomelea namba 14, sio chini ya hapo. Sisi tulifanya hivi: darubini ya macho mawili nimeifunga kwa mpira kwenye stendi ya kamera, jicho moja nimeliziba na kifuniko, nyuma yake mbali kidogo nimeegesha boksi la katoni lenye karatasi nyeupe ndani kwenye kivuli. Unaigeuza taratibu huku unatazama kivuli cha darubini chini, kivuli kikiwa kidogo kabisa, pap, duara linaangukia kwenye karatasi.

Nilirekebisha duara likawa kama sentimita 11, makusudi, kwa sababu jua lina upana wa dunia 109, kwahiyo kwenye karatasi ile dunia yetu nzima ni milimita moja. Nikaweka nukta ya kalamu pembeni, nikawaambia sisi sote tuko humo. Kulikuwa na makundi matatu. Mojawapo lilikuwa na doa lenye kiini cheusi na duara la kijivu kulizunguka kama jicho la samaki, kubwa kuliko ile nukta yangu. Duara lilikuwa halitulii, ukingo unatetemeka kama bati la mchana, na lilikuwa linateleza taratibu linatoka kwenye karatasi kwa sababu dunia inazunguka, kila baada ya muda nasogeza. Kuna mtoto aliuliza kesho yatakuwepo, nikamwambia yatakuwepo ila yatakuwa yamesogea kidogo, linalochomoza ukingo huu litatokea ukingo ule baada ya kama wiki mbili, mengine hayafiki yanayeyuka njiani.

Basi tukahesabu kwa mtindo wa Wolf. Mimi na miwani yangu nikapata makundi matatu madoa sita, 36. Yule mtoto, yuko darasa la tano, akainama mpaka pua inakaribia karatasi, akahesabu kwa kidole bila kugusa, akasema makundi matatu madoa tisa, 39. Nikainama tena nikatafuta hayo matatu yaliyozidi, sikuyaona. Nimeandika 39.